Yona Alipofanywa Msimamizi wa Mama Mkwe Wake

Wameniaga vizuri. Kulikuwa na keki yenye jina langu, soda, mabati ya kuezekea, na mshereheshaji aliyetangaza kwamba katika utumishi wangu wote sikuwahi kumkasirikia mtu. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, maana uongo wa namna ile ukisemwa mbele ya keki haukanushwi.

Siku hiyo hiyo vijana wangu wa ofisini, ninyi mnaojijua, mliniuliza meneja hasa anafanya nini. Nilicheka kwa sababu mna vyeti, na kwenye vyeti hivyo jibu lipo: anapanga, anagawa kazi, anaongoza, anadhibiti. Sina ugomvi na maneno hayo. Ila mimi nilikuwa afisa utumishi wa kiwanda cha kukamua alizeti, na kazi nyingi nilizozifanya pale sijaziona kwenye kitabu chochote. Basi nimekaa hapa nyumbani Kinampanda, mahindi yamekauka yakiwa bado mafupi, sina la kufanya jioni zaidi ya kukumbuka. Vyeo na mishahara nitaviruka. Havina habari.

Siku ya kwanza nilifika kiwandani na viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka chuo cha utawala, nimejipara, nimebeba mkoba. Sakafu ya kiwanda cha mafuta mnaijua. Nilipiga hatua chache tu kwenye chumba cha mashine, nikajikuta nimekaa chini mbele ya wapakizi waliokuwa wakinywa uji. Hakuna aliyecheka. Walisubiri nitoke ndipo wakacheka, na nilisikia vizuri sana.

Aliyeniinua alikuwa Mzee Ntandu, meneja utawala, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua kali. Alinipa mabuti ya mpira yaliyokuwa makubwa kupita mguu wangu, akaniambia, "Mwanangu, usiingie ofisini kwanza. Zunguka. Angalia nani anakula na nani."

Nikamuuliza nitazunguka mpaka lini.

"Mpaka ujue kengele ikigongwa watu wanamtazama nani kabla ya kuinuka."

Kengele yetu ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa mlangoni mwa ghala. Nilizunguka. Nikagundua kwamba kengele ikigongwa hakuna aliyemtazama meneja. Wapakizi walimtazama mzee mmoja mwenye ngata nyekundu ya kubebea magunia kichwani. Akitema jiti lake la meno, wanainuka. Wanawake wa kupepeta mbegu walimtazama mwanamke aitwaye Zubeda, ambaye kwenye mchoro wa uongozi ulioning'inia ukutani kwetu hakuwemo kabisa. Mzee Ntandu aliponiuliza nimeona nini nikamwambia, akasema sasa naweza kupewa kiti. Kila kitu nilichojua baadaye kuhusu watu kazini kilianzia kwenye mabuti yale.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilitoka kwa wapakizi. Alikuja kijana kutoka Itigi, mwenye nguvu za ajabu, akawa anabeba magunia mawili wenzake wakibeba moja. Meneja mkuu wa wakati ule akafurahi, akamsifu mbele ya wote. Nilidhani ndivyo watu wanavyotiwa moyo. Kesho yake ngata yake ikapotea. Akapata nyingine, nayo ikapotea. Uji wake ukawa unafika umemwagika. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Haukupita muda kijana akawa anabeba gunia moja kama wenzake, na ngata zake zote zikaonekana juu ya dirisha, zimepangwa vizuri. Nilipomuuliza yule mzee wa ngata nyekundu, alinijibu kwa upole, "Mama, yule atachoka siku moja. Akishachoka, ninyi mtatudai sisi kasi yake."

Nimewahi kuhudhuria semina moja mjini, mkufunzi akatuchorea pembetatu ya mahitaji ya binadamu, chini chakula, juu kabisa kujitambua. Nikarudi nikakuta fundi wetu bora ameacha kazi, amekwenda kuchimba dhahabu Sekenke, na amemwachia mkewe watoto bila chakula. Sikujua nimweke wapi kwenye ile pembetatu. Alirudi msimu uliofuata na kikohozi. Tukampokea.

Sasa nifike kwa Yona, maana ndiye aliyenifanya niandike haya yote.

Yona alitoka Kinyangiri. Alianza kama kibarua wa kubeba mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, akaingia kwenye mashine za kukamua, na hapo akawa mwenyeji wa mashine kuliko waliozileta. Alikuwa mpole, mtu wa kanisani, asiyejua kupiga soga. Mzee Ntandu alipokaribia kustaafu alipendekeza Yona awe msimamizi wa sehemu ya mbegu, ambako wanawake wanapepeta na kuchagua kabla alizeti haijaingia kwenye mashine. Tukampa. Alishukuru mpaka tukaona haya.

Lakini haukupita muda malalamiko yakaanza. Msimamizi mpya haongei na wanawake. Akitaka kitu anamwambia Zubeda, Zubeda ndiye awaambie. Akitoka ofisini kwenda ghalani hapiti uwanjani, anazunguka nyuma ya choo na kupita kwenye majani. Wanawake wakija kuchukua uji, anaacha kikombe chake na kuondoka, hata kama hajakimaliza. Meneja mkuu akasema huyu kapanda cheo na kichwa kimepanda nacho, anawadharau akina mama.

Mimi sikuhitaji kuambiwa. Nimezaliwa Iramba. Nilikwenda nikasimama kwenye kona ya ghala nikaangalia nani kati ya wale wanawake anajifunika uso kwa kanga Yona anapotokea. Alikuwa Mama Zefania, mwanamke mrefu, mzee kuliko wote pale, mwenye mikono iliyojua kutenganisha punje na kokoto bila kutazama. Jioni nikamuuliza Yona, Mama Zefania ni nani kwake.

"Ni mama yake Eliza," akasema, akitazama viatu vyake. Eliza ni mkewe.

"Mbona hukusema tulipokupa hiyo sehemu?"

"Ningesema, mama, mngenipa?"

Kwa mgeni nitaeleza kidogo. Kwetu, kwenye nyumba zinazoshika mila, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hamtaji jina. Hali chakula mbele yake. Hawatazamani usoni, wala hapiti karibu naye njia ikiwa nyembamba. Likiwapo neno la kumfikishia, anatumwa mtu wa kati. Vijana wa mjini wataona ni ushamba. Lakini mama mkwe ndiye aliyekupa mtoto wake, na ukimwepuka hivyo unamwambia kila siku kwamba hujasahau.

Nilimwita na Mama Zefania. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba mwanangu." Nikamuuliza kama anataka nimhamishie sehemu ya kufungasha, asiwe chini ya mkwe wake. Akakataa. Alisema mikono yake inajua mbegu, haijui madumu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa Kinyiramba, kwamba yeye ndiye aliyemwambia Eliza amzuie mumewe asitutajie undugu huo. Alitaka mkwe wake apate cheo.

Basi tukaacha mambo kama yalivyokuwa. Kila agizo la Yona lilipita kwa Zubeda. Zubeda akawa kama mlango kati yao, na akautumikia mlango ule kwa miaka mingi bila cheo wala jina kwenye mchoro. Ile sehemu ndiyo iliyotoa mbegu safi kuliko zote. Nilijivunia mpango ule kuliko chochote nilichokifanya kiwandani, na sikuuandika popote, kwa sababu niliogopa mtu akiusoma atataka kuurekebisha.

Mtu huyo alikuja. Aliitwa Bwana Mapunda, meneja mkuu mpya, mtu wa kusini. Nawaomba msimfikirie vibaya. Alikuwa mtu mwema kuliko mameneja wote niliowatumikia. Alijua majina ya watoto wa wapakizi. Alipiga marufuku matusi ya wasimamizi, na mtu akiumia alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Alikuwa na imani moja kubwa: kwamba ugonjwa wa kiwanda chetu ni maneno kupita kwenye midomo mingi. Alisema mfanyakazi ana haki ya kusikia jambo lake kwa mkubwa wake, ana kwa ana, si kwa kutumiwa mtu kama vile anapelekewa wito wa polisi. Nilimkubalia. Mara nyingi alikuwa sahihi. Wapakizi walimpenda kwa hilo, maana zamani waliwahi kufukuzwa kwa tangazo lililobandikwa mlangoni.

Kisha mambo yakaharibika. Mafuta ya nje yakaingia madukani kwa bei ambayo sisi hatukuweza kuifikia, mvua nazo zikakataa, alizeti ikawa inakuja kidogo. Wenye kiwanda wakanunua mashine ya kuchekecha mbegu, ambayo haili uji wala haiendi msibani. Wanawake wengi wa kupepeta hawakuhitajika tena. Iliamuliwa juu, si kwetu, kwamba waondoke wazee kwanza, wa mbegu na wa kufungasha pia. Iliamuliwa pia kwamba sehemu ya mbegu na sehemu ya kufungasha ziunganishwe, na msimamizi abaki mmoja: ama Yona, ama Petro wa kufungasha.

Bwana Mapunda alituita. Alikuwa amekonda. Alisema wasimamizi wote wawili watawaita watu wao uwanjani, mmoja mmoja kwa jina, na kuwaambia wenyewe. "Atakayeshindwa kuwatazama watu wake siku mbaya," akasema, "siwezi kumpa watu wengine." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma dawa ya mgonjwa wake.

Nikabaki nyuma wengine walipotoka. Nikamweleza yote, habari ya mkwe, habari ya Zubeda na mpango wetu. Nikamwomba nimwambie Mama Zefania mimi, nyumbani kwake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama Neema," akasema, ndivyo wanavyoniita, kwa jina la mwanangu, "nusu ya kiwanda hiki ni ndugu wa nusu nyingine. Nikimruhusu Yona, Petro ana shangazi yake pale. Fundi ana jirani aliyemlea. Mwisho wa yote utazunguka wewe peke yako Iramba nzima unafukuza watu, na wasimamizi wamejifungia ofisini. Hilo ndilo unalolitaka?"

"Nataka huyu mmoja tu."

"Kila mmoja ana huyu mmoja tu," akasema.

Nimeyafikiria maneno yake mara nyingi tangu siku ile. Sijapata pa kuyakata. Hilo linanikera zaidi ya kama angekuwa mjinga.

Habari haikai kiwandani. Siku iliyofuata Mama Zefania alikuja mlangoni kwangu, akasimama nje, akakataa kiti. Nilidhani amekuja kuomba abakizwe. Nikaanza kumwambia kwamba nimejaribu.

"Sijaja kwa ajili ya kazi," akasema. "Kazi ni yenu, chukueni. Nimekuja kuomba jambo moja. Yule mtoto asinitamkie yeye."

"Mama, amri imetoka juu."

"Nikifukuzwa na ofisi, mwanangu, nitarudi shambani. Nikifukuzwa na mkwe wangu, nitarudi wapi? Eliza akijifungua nitakwenda kumwogesha mtoto kwenye nyumba ya nani?"

Sikuweza kumtazama. Alifunga kanga yake vizuri akaenda kumalizia gunia lake. Hata siku ile alifanya kazi mpaka kengele.

Nikamtafuta Yona. Nilimkuta nyuma ya choo, kwenye ile njia yake ya majani. Nikamwambia bila kuzunguka, "Kesho kaumwe."

Akatabasamu kidogo. "Nikiumwa kesho, mama, Petro anapona."

"Na ukipona wewe?"

Watoto wake walikuwa shuleni, wawili bweni, na Eliza alikuwa na mimba kubwa. Nyumba yao ilikuwa na matofali, haina paa. Yote hayo nilikuwa nayajua, naye alijua kwamba nayajua, kwa hiyo hakuyasema. Alichosema ni hiki: "Nimefikiria kwenda kwake usiku nimweleze mwenyewe. Lakini nikienda kumweleza, si nimeshaongea naye?" Akacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kukisikia. Nikamwambia amtume Zubeda walau amwandae. Akasema Zubeda naye yumo kwenye orodha ya kesho.

Ndivyo ilivyokuwa. Mlango wenyewe nao uling'olewa siku ile ile.

Asubuhi wanawake walikusanyika uwanjani. Walikuwa wamevaa nguo za kutokea, si za kazi, kama watu wanaokwenda kanisani. Bwana Mapunda alisimama kando, mikono nyuma. Petro alianza upande wake, akaita majina yake haraka haraka, akamwita na shangazi yake, shangazi akamtukana, watu wakacheka kidogo, mama yule akaondoka. Nikapata matumaini. Nikadhani labda tunakuza jambo.

Kisha Yona. Aliwaita wengine kwanza. Alisema vizuri, tena kwa huruma, kwa sauti inayosikika. Alimwita Zubeda, akamshukuru kwa jina mbele ya wote, jambo ambalo sisi wa ofisini hatukuwahi kulifanya. Akabaki mmoja. Mama Zefania alikuwa amesimama mwisho, amejifunika uso na kanga kama siku zote. Kila mwanamke pale alikuwa anajua. Wapakizi walikuwa wameacha magunia wamekuja mpaka ukingo wa baraza. Yona alimtazama Bwana Mapunda. Bwana Mapunda hakusogea.

"Raheli Mkumbo," akasema Yona.

Nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Mama Zefania akaishusha kanga yake kutoka usoni, akaitandaza mabegani, akatembea mpaka mbele ya mkwe wake, akamtazama machoni. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonitisha. Akapiga goti kidogo, kama tunavyowafanyia wazee wetu.

"Shikamoo, bosi," akasema.

Sijui niwaeleze vipi vijana ambao siku hizi mnaamkia kwa kunyanyua kidole. Mama mzee, mzazi wa mke wake, anamwamkia yeye. Hakuna jibu la salamu ile. Angeweza kukimbia. Angeweza kulia, na watu wangemsamehe palepale, naamini hata kazi isingempotea. Nilimwona akihangaika, midomo ikicheza bila sauti, na mimi moyoni nikimwambia kimbia, mwanangu, kimbia.

"Marahaba," akasema Yona.

Kisha akamwambia yale maneno ya kiwanda, yote, kwa utaratibu. Mama Zefania akamsikiliza kama anavyosikilizwa bosi. Akasema ahsante. Akaenda.

Niliumia. Nilikwenda chooni nikalia, nikarudi nikafunga faili za siku ile, maana kazi ya utumishi ndiyo hiyo.

Yona alibaki msimamizi. Bwana Mapunda alimsifu faragha, akisema hajawahi kuona ujasiri kama ule, na alikuwa na machozi akisema hivyo. Mwaka haukuisha yeye mwenyewe akahamishwa, akatuaga kwa kutushika mikono mmoja mmoja. Sina shaka huko alikokwenda wanampenda.

Wazee wa pande zote walijaribu kutengeneza. Mtoto wa Eliza alikuwa amezaliwa, na bibi yake hakuwa amekuja kumwogesha. Wakapanga Yona apeleke mbuzi kwa mama mkwe wake Kinampanda aombe radhi kwa njia ya mila. Waliniomba niende nao kwa kuwa ni jirani na nilikuwepo siku ile. Tulikwenda. Mama Zefania alimpokea mbuzi, akashukuru. Mbuzi akachinjwa, naye akapika mwenyewe. Kisha akaja na sinia, akaketi kwenye kiti kumkabili Yona, akamnawisha mikono, akala naye kwenye sinia hilo hilo huku akimtazama na kumuuliza habari. Vipi mashine mpya? Mashudu yanauzwaje sasa? Bosi mkubwa hajambo? Alicheka mahali pa kucheka. Aliongea naye kama anavyoongea na mtu wa serikali aliyepita kijijini kuhesabu mifugo.

Eliza alikuwa jikoni, akaisikia ile sauti ya mama yake ikiongea na mumewe bila mtu wa kati, akatoka nje akaenda kusimama kwenye zizi. Wazee walikula wakiwa wameinama. Hakukuwa na kosa la kumhukumu yule mama. Alikuwa amempokea, amempikia, hakumnyima neno. Kilichokosekana pale ni ile heshima ya kumwepuka tu, na huwezi kumshitaki mtu kwamba amekukaribia.

Tukiwa njiani kurudi Yona aliniambia, "Angenifukuza ningejua la kufanya."

Tangu hapo Eliza alikwenda kwao peke yake na watoto. Yona aliezeka nyumba. Alikuwa msimamizi mzuri, tena mzuri sana. Wale wadogo waliokuja chini yake wanasema hawajaona mwingine. Hakuwahi tena kupita nyuma ya choo. Alipita katikati ya uwanja, na ile njia yake ikaota magugu. Wakati mwingine nilimwona amesimama karibu na mashine ya kuchekecha, anatega sikio, na sikumuuliza anasikia nini.

Mlitaka nifanye muhtasari, najua. Nimewafundisha mwenyewe kuandika muhtasari. Sina. Nikisema Bwana Mapunda alikosea, nitakuwa nawafundisha kujificha nyuma ya wajumbe siku mbaya, na nimeona wanaojificha. Nikisema alikuwa sahihi, nitakuwa nimemkana yule mama aliyesimama mlangoni kwangu. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba mtu haingii kazini peke yake. Anaingia na mkwe, na mjomba, na watu wa kwao wote, wanakaa naye kwenye benchi hata kama hamjawaajiri, na ukimpa cheo unakuwa umewapa na wao, au umewanyang'anya. Mengine mtayaona wenyewe.

Mama Zefania alifariki wakati nikiwa kwenye likizo yangu ya mwisho. Kiwanda kilituma gari. Tulikaa upande wa wageni, kwenye viti vya plastiki, chini ya turubai. Yona alikuwa amevaa suti nyeusi. Eliza alikuwa ndani na wanawake, kwenye mikeka. Upande wa pili, waume wa mabinti wengine wa marehemu walikuwa wamevua mashati, wana sururu na majembe, wanachimba. Kwetu kazi hiyo ni ya wakwe.

Mwongoza shughuli alitaja ratiba. Salamu za kanisa, salamu za kijiji, kisha akasema, "Sasa tumkaribishe mwakilishi wa kiwanda alichofanyia kazi marehemu." Yona akasimama. Hakuna aliyeona ajabu, au kila mtu alijifanya haoni. Alisoma salamu za rambirambi zilizoandikwa na ofisi, za mfanyakazi mwaminifu na mchapakazi. Sauti yake haikutetereka. Nilikuwa nimeziandika mimi.

Alipomaliza hakurudi kukaa. Alivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye egemeo la kiti changu, akaenda mpaka kaburini akanyoosha mkono apewe jembe. Aliyekuwa nalo ni mume wa mdogo wake Eliza, kijana mwenye adabu. Alimtazama Yona, akamtazama viatu vyake, na kwa sauti ya heshima kabisa akamwambia, "Acha tu, bosi. Utachafuka. Sisi wakwe tutamalizia."

Yona akasimama pale na mkono wake umenyooka. Kisha akaushusha, akarudi kwenye viti vya wageni, akavaa koti lake.